Kaa wa Mida Alipojivua Gamba

Paliondokea kaa wa matope katika hori ya Mida, chini ya mikoko ya upande wa Dabaso, aliyesifika kwa magando yake. Shimo alilichimba mwenyewe, chakula alikitafuta mwenyewe, na wezi aliwafukuza mwenyewe. Alikuwa Mkristo. Hakukosa jumuiya, na sadaka alitoa. Lakini kila mmoja alipotaja nia yake ya kuombewa, yeye alisema, "Mimi sina. Mungu ana wengi wa kuwashughulikia. Yangu nitayamaliza."

Sasa kaa hakui ndani ya gamba. Gamba ni gumu, halitanuki. Akitaka kuongezeka hana budi kulipasua kwa nyuma na kujichomoa mzima mzima, miguu, macho na magando, aliache. Kwa siku kadhaa anabaki laini. Magando anayo, ila hayabani kitu. Mwili unafyonza maji, unatanuka, na hapo ndipo gamba jipya na kubwa zaidi linapokauka juu yake. Hakuna kaa anayekua kwa njia nyingine.

Pwani yetu inaijua hali hiyo. Hoteli za Malindi zikifunga msimu wa mvua, aliyelala na mshahara anaamka hana. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipofungwa, mafundi hodari walirudi nyumbani na ufundi wao. Mtu hawi mvivu wala mjinga kwa kupitia hapo. Anakuwa laini tu, na swali ni atamwita nani.

Usiku wa tatu wa kujivua, Nguchiro alipiga hodi.

"Bwana asifiwe, mpendwa. Nimeoneshwa shida yako. Ukitaka kumwona Mungu, toka humo, acha kula, waage jamaa zako, unifuate msituni. Na usimuulize mtu, maana watakurudisha nyuma."

Kaa alitamani kwenda. Aliyejitegemea maisha yake yote, siku ya kuchoka, huwa tayari kujikabidhi kwa yeyote anayeongea kwa uhakika.

Siwezi kuisimulia hekaya hii Kilifi nikapita hapo haraka. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwemo watoto wengi, ilifukuliwa. Walikuwa wamefundishwa kufunga mpaka wafe ili wamwone Yesu. Baadhi yao walikuwa wameuza mali na kuacha kazi. Nakataa kusema kwamba kosa lao lilikuwa kumtegemea Mungu kupita kiasi. Kiu yao ilikuwa ya kweli. Walichofanyiwa ni kuelekezwa kwa mtu, na aliyeniambia nisimuulize jirani yangu hajanipeleka kwa Mungu.

Maji yalikuwa yanajaa, na Bi Kasa alikuwa amekuja nayo mpaka kwenye mizizi.

"Nyanya," Kaa alimwita, "huyu anasema kweli?"

"Mungu ninayemtegemea mimi, mjukuu wangu, hajawahi kunikataza kula nyasi zake. Sikiliza. Nikienda kutaga Watamu, nachimba kwa mapezi haya mpaka machozi yanitoke. Nataga mayai mia na zaidi, nafukia, nasawazisha mchanga. Halafu narudi baharini. Siku kama sitini zinapita na sipo. Ningekaa kulinda ningekauka, na mayai yasingeanguliwa mapema kwa sababu ya kukaa kwangu. Nisingechimba pia, pasingekuwa na kitu cha kuanguliwa."

"Na ukiondoka unajuaje?"

"Sijui. Naomba."

Nguchiro alicheka, akanyoosha mkono ndani ya shimo. Bi Kasa akaziba mlango kwa gamba lake, akakaa hapo mpaka kupwa kulipokaribia. Kisha akawaita kaa wawili wa jumuiya washike zamu. Kaa yule hakuwahi kuwaomba kitu tangu wamjue. Usiku ule aliwaomba waje, akawaomba wasali kwa sauti asikie, na asubuhi akawaomba chakula.

Gamba lilikauka. Akarudi kuchimba, akarudi kutafuta, na magando yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Jumuiya ilipokutana tena, zamu ikamfikia.

"Leo nina nia," alisema. "Najua nitajivua tena. Niombeeni, na mniambie sasa hivi ni nani atakayekaa mlangoni."