Mlangoni mwa Msikiti

Ijumaa, saa saba mchana. Viatu vimejazana barazani, vingine vimepanda migongo ya wenzao. Makubadhi mapya ya Lamu yameegemewa na kandambili ya bluu, ukanda umeungwa kwa waya.

MAKUBADHI: Sogea basi, unanichafua.

KANDAMBILI: Nisogee wapi, bwana mkubwa? Nyuma yangu kuna raba ya mwanafunzi, inanuka hiyo!

MAKUBADHI: Bwana wangu yumo ndani anamwogopa Mungu. Mimi kaniacha huku niwaogope waumini.

KANDAMBILI: Mwizi wa viatu si muumini.

MAKUBADHI: Nani kakwambia? Yule wa Ijumaa iliyopita alitokea humo humo, sijida imemkolea kwenye paji la uso. Kasali rakaa zake mbili, kaomba dua, kisha kaja hapa akachagua. Akachagua, nasema! Alijaribu jozi tatu.

KANDAMBILI: Labda alikosea.

MAKUBADHI: Kaja na ndara, kaondoka na ngozi. Mbona hakuna anayekosea akaacha ngozi akavaa ndara?

KANDAMBILI: Basi hajui kuwa wizi ni haramu.

MAKUBADHI: Anajua sana. Hebu nikuulize: wizi ni mbaya kwa kuwa Mungu kaukataza, au kaukataza kwa kuwa ni mbaya?

KANDAMBILI: Makubwa! Hayo umeyatoa wapi?

MAKUBADHI: Bwana wangu anafundisha maadili ya dini chuoni, naingia naye darasani. Plato ameandika kwamba Socrates alimuuliza Euthyphro swali la namna hiyo nje ya mahakama, mjini Athens. Mwaka 399 kabla ya Kristo wakamhukumu Socrates kufa. Baadaye huko Basra wanazuoni wakalivalia njuga. Muutazila walisema dhuluma ni mbaya, na akili inalijua hilo hata kabla sheria haijashuka. Abul Hassan al-Ashari, mwanafunzi wao mwenyewe, akawaasi: jema ni aliloamrisha Mungu, baya ni alilokataza, basi.

KANDAMBILI: Na sisi wa pwani?

MAKUBADHI: Mashehe wengi wa Kishafii wamekwenda na al-Ashari.

KANDAMBILI: Na mwizi wako?

MAKUBADHI: Hana ugomvi na yeyote. Akili inamwambia vibaya, sheria inamwambia vibaya, miguu inamwambia namba 42 inamtosha.

KANDAMBILI: Wangu anauza dagaa, Basra haijui. Juzi muuza duka kamzidishia chenji. Kagundua yuko karibu na nyumbani, kageuza na jua lile mpaka dukani. Ndipo ukanda wangu ulipokatika.

MAKUBADHI: Alisema anamwogopa Mungu?

KANDAMBILI: Alisema, "Si zangu."

MAKUBADHI: Basi huyo ni Muutazila!

KANDAMBILI: Huyo ni muuza dagaa, bwana. Na yumo ndani, safu ya mwisho.

(Watu wanaanza kutoka.)

MAKUBADHI: Lo! Mguu huu si wa bwana wangu!

KANDAMBILI: Ana sijida?

MAKUBADHI: Anayo! Na bismillahi kapiga!

Ndugu msomaji, ukiyaona makubadhi namba 42, mapya, ya ngozi nyekundu, uyarudishe. Mwenyewe yuko barazani pekupeku, na kipindi chake cha maadili kinaanza saa tisa.