Bandari Tunayo, Bahari Hatuna

Sisi watu wa Isaka tuna bandari. Usicheke. Ni bandari kavu, lakini ni bandari. Makontena yapo, kreni zipo, na mlinzi wa getini mwenye dharau zote za kibandari yupo. Kilichokosekana ni maji tu. Mzigo unashuka Dar es Salaam, unapandishwa treni, unasafirishwa karibu kilomita elfu moja, unakuja kutua hapa kwenye vumbi letu. Kisha malori yanaubeba kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Mimi naziba pancha za hayo malori. Kwa hiyo na mimi, ukipiga hesabu vizuri, ni mtu wa bandari. Ndivyo nilivyomjibu mke wangu, mama Kulwa, aliposema anataka kwenda baharini. Nikamwambia, bahari ya nini na sisi tunaishi bandarini?

Hakucheka. Mama Kulwa akiacha kucheka ujue bajeti imeshapitishwa.

Chanzo cha yote ni simu. Jirani yetu mmoja aliweka picha kwenye status. Picha ya miguu. Uso hakuna, ni miguu miwili, mchanga mweupe, na maji ya bluu kwa mbali. Mama Kulwa akaniletea kijiweni, mikono yangu imejaa grisi, akaishika mbele ya macho yangu mpaka nikaona vizuri. Miguu ile naijua. Mume wa ile miguu namdai pancha mbili za semi tangu mwaka jana. Kumbe hela yangu imetangulia baharini, mimi nimebaki huku na jeki.

Basi nikapewa masharti. Pawe patulivu, maana hapa kwetu honi za malori hazilali. Pawe bei nafuu, maana anaijua mifuko yangu kuliko mimi. Twende wawili tu, Kulwa na Doto wabaki Tinde kwa bibi yao. Halafu akaongeza la bure: nikifika huko nisizungumze na mtu yeyote habari za matairi. Hilo ndilo lililoniuma.

Kwanza nikajaribu kuchelewesha. Mwanaume asiye na hela silaha yake ni kuchelewesha. Nikasema tusubiri reli ya kisasa. Jiwe la msingi la kipande cha Mwanza–Isaka Rais Samia aliliweka Juni 2021, na tangu hapo mimi kila ombi la safari nalijibu kwa treni. Harusi Morogoro? Tusubiri treni. Ubatizo Singida? Tusubiri treni, mke wangu, maendeleo yanakuja. Safari hii nilimkuta amejipanga. Akaniambia treni ya umeme inatembea Dar mpaka Dodoma tangu 2024, basi za Kahama zinapita hapa hapa mlangoni kila siku zikienda Dodoma, sasa wewe unamsubiri nani? Sikuwa na jibu. Nikajifanya nasikiliza tairi linalovuja.

Nikahamia kwenye ziwa. Maji ni maji, nikasema. Mwanza iko karibu, nauli inalipika, samaki wapo. Mama Kulwa akanitazama tu. Tulishawahi kwenda Mwanza, ufukwe mmoja hivi sitautaja, nina aibu zangu pale. Ilikuwa Jumapili. Sisi watu wa bara tukisafiri tunabeba chakula, ndivyo tulivyolelewa. Kwenye begi nilikuwa na michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, chupa ya chai na tyubu ya lori. Tyubu nzima kabisa, nimeiziba kwa mikono yangu, viraka vitatu, haivuji. Nilipanga tufike niijaze upepo, tuelee.

Getini mlinzi akafungua begi. Akatoa mfuko wa michembe, akauinua kwa vidole viwili, nyuma yetu foleni ya watu wa Dar wenye miwani ya jua. Akauliza kwa sauti, "Hii nini?" Ndugu yangu, yule mlinzi kifuani ameandikwa jina la Kisukuma. Masunga sijui Mashaka, la Kisukuma tu. Kabila langu. Amekua kwa michembe, meno yake yamekomaa kwa michembe, halafu ananiuliza mimi michembe ni nini! Nikamjibu ni dawa. Akasema chakula cha nje hakiruhusiwi, na dawa za kiasi hicho pia haziruhusiwi. Tyubu nayo ikazuiwa, maana ndani wanakodisha za kwao. Ikaegeshwa pembeni ya kibanda. Jioni tunatoka, tunamkuta ameikalia, anatafuna. Sikuuliza anatafuna nini.

Na huko ndani utulivu ulikuwa wapi? Baa mbili zimeelekezana spika, huku singeli, huku bongo fleva, mimi na mama Kulwa tunaongea kwa mikono. Juu ya hapo kuna kichocho, kinaletwa na konokono wa kwenye maji ya pembeni, na pembeni ndipo sisi tusiojua kuogelea tunapoogelea. Kwa hiyo ziwa likafa.

Likafufuliwa na dereva mmoja wa Mwanza aliyekuja na pancha. Akaanza na daraja lao la Kigongo–Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji, kivuko kimebaki historia. Daraja lenyewe halipo njiani kwetu, sisi kwenda Chato tunapitia Kahama, lakini mtu wa Mwanza ukimkatisha asimalize habari ya daraja unatafuta ugomvi. Alipomaliza daraja akafika Chato, akafika kisiwa cha Rubondo. Hifadhi ya taifa tangu 1977. Msitu, ufukwe, furukombe wanalia, watu hakuna. Nikasema hapo hapo! Kisha nikapeleleza. Boti ya kuvuka, malipo. Kiingilio, malipo. Kulala, malipo. Lakini kilichonitibua ni sokwe. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa sokwe kutoka Ulaya, walikuwa wamefungiwa kwenye bustani za wanyama huko, wakaja kuachiwa Rubondo wajitafutie maisha. Sokwe, ndugu yangu. Nauli wamelipiwa. Ufukwe bure. Utulivu bure, mpaka wajukuu. Mimi mzaliwa wa Shinyanga hii hii naambiwa boti nikodi mwenyewe.

Ikabidi tuitafute bahari yenyewe. Nikanunua bando, nikakaa nje usiku kwenye mtandao, nikapiga simu Unguja, hoteli moja ya upande wa mashariki. Akapokea dada mwenye sauti ya marashi. Mimi kwa uzoefu wangu wa Mwanza, geti lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili jioni, nikauliza swali la mtu makini: "Samahani dada, bahari inafungwa saa ngapi?" Kimya. Kisha nikasikia simu inawekwa spika. Kisha nikasikia watu. Akaniomba nirudie, "kaka, hebu uliza tena." Nikauliza tena. Mimi ni mtu wa heshima, nikiombwa narudia.

Baada ya kucheka wakanieleza. Na nilichoelezwa, msomaji wangu, ni kwamba bahari inafungwa! Paje, Jambiani, upande ule wote, maji yakipwa bahari inaondoka zake. Unatembea kwa miguu mpaka uchoke, unakuta akina mama wanavuna mwani pale ambapo asubuhi ulikuwa unazama. Saa sita hivi baadaye inarudi, halafu inaondoka tena. Mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanapanda na kushuka karibu mita nne. Sasa swali langu kosa lake lilikuwa wapi? Nilitaka kuwauliza hivyo, wakawa wamekata.

Nikaambiwa na mwingine niende kaskazini, Nungwi na Kendwa, kule maji hayaendi mbali. Ni kweli. Lakini watu nao hawaendi mbali, wamejaa pale pale. Penye utulivu maji yanatoroka, penye maji kelele imejaa. Na bei! Machi 2025 serikali ilipiga marufuku bei za humu nchini kutajwa kwa fedha za kigeni, na mimi nilishangilia, nikajua sasa tumekombolewa. Zamani ungeambiwa mia mbili, ukashituka baadaye kuwa ni dola. Siku hizi unashituka hapo hapo. Kaka wa mapokezi wa hoteli moja ya kule alinitajia bei ndefu kama namba ya simu, nikawa naiandika kwa makini, nikamuuliza, "Na hii ni ya Voda au ya Airtel?"

Akanionea huruma. Akasema njoo masika, Machi mwishoni mpaka Mei, wageni hawapo, bei inashuka, ukiomba vizuri inashuka tena. Ila kuna mvua, akasema, kwa sauti ya kunitahadharisha. Mvua! Mtu wa Shinyanga anatishwa kwa mvua. Sisi mvua tunaifanyia maombi, tunaifanyia vikao, mbuzi anachinjwa, halafu kuna watu wanapunguziwa bei kwa sababu imenyesha. Tena hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sisi hatufiki pwani. Hela ya huku inaanza kuonekana pamba ikianza kununuliwa, Mei kwenda Juni. Watu wanalipa madeni, malori yanatembea, na mimi nalipwa. Juni hiyo hiyo mvua za pwani zinakata, wageni wanaanza kumiminika, bei inapanda mpaka Oktoba. Sisi tukipata, wao wamepandisha. Wao wakishusha, sisi tunakopa chumvi.

Kigamboni mama Kulwa aliikataa kabla sijamaliza kuitamka. Dada yake anaishi kule. Tukikanyaga Kigamboni hatulali hotelini, tunalala sebuleni kwa shemeji, tunaamshwa saa kumi na moja tupishe watoto wajiandae na shule.

Mafia nayo niliileta mezani. Boti unapandia Nyamisati. Kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, kuanzia Oktoba mpaka Februari wanaonekana karibu, watu wanaogelea nao. Nikamtoa wasiwasi, nikamwambia hawali watu. Akauliza, "Na wenyewe wameambiwa?" Mjadala ukafungwa.

Nikatoa turufu yangu: Bagamoyo. Hapa nilikuwa na historia. Nikamwambia, mama Kulwa, Bagamoyo ni kwetu. Karne ya kumi na tisa babu zetu Wanyamwezi na Wasukuma walitoka huku na meno ya tembo begani, miezi mizima njiani, wakashukia Bagamoyo. Kwa miguu. Hakuna basi, hakuna soda, hakuna abiria wa jirani anayekulalia bega mpaka Dodoma. Na wewe unalalamika kuhusu aina ya chumba? Nilikuwa nimesimama, nakumbuka, mkono mmoja hewani. Akasema taratibu, "Na walikwenda na wake zao." Nikabisha. Usiku nikapekua. Ni kweli jamani, wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri na wake zao na watoto, wanawake wanabeba vyungu na mikeka, wanapika njiani. Mtu hana viatu, ana jino la tembo begani, na bado mke wake kampeleka baharini. Mimi nina jeki ya tani ishirini.

Lakini Bagamoyo iko jirani na Dar, Jumamosi na Jumapili mji mzima unahamia pale na spika zake. Ndipo fundi mwenzangu aliyewahi kuishi Tanga akanitajia Pangani. Nikadhani ananitania, maana ni mji ambao hujawahi kumsikia mtu wa Isaka akisema anaenda. Kumbe ndiyo sifa yake. Mji wa zamani, majumba ya Waarabu na boma la Wajerumani yanachakaa polepole bila kumsumbua mtu, mto unatoka mbali huko Kilimanjaro na Meru unakuja kumwagika baharini. Ukivuka mto upande wa Bweni, unashuka kusini mpaka Ushongo, minazi na mchanga, wavuvi na mitumbwi yao, vibanda vya kulala wageni vichache vichache. Mbele baharini kuna fungu la mchanga, Maziwe, maji yakijaa sana linamezwa. Kasa wanataga pale, na mayai yao watu huyahamishia Ushongo yasisombwe. Kwa hiyo hata kasa akitafuta mahali salama pa gharama ndogo, anapelekwa Ushongo. Mimi ni nani nimpinge kasa?

Njia nimeshaikariri. Basi mpaka Chalinze, unashuka usiku wa manane unajikung'uta, unadaka basi la Tanga kupitia Segera, Tanga mjini unaunga mpaka Pangani, kama kilomita hamsini. Mama Kulwa ameikubali. Ameshanunua kofia pana ambayo haiingii kwenye begi lolote, kwa hiyo itasafiri kichwani kwangu. Tunakwenda Mei, mvua inyeshe itakavyo, hiyo nayo tutaihesabu kwenye starehe.

Kimebaki chumba. Nimepiga simu, wanataja bei, nikisema natokea Isaka wanauliza Isaka ipo nchi gani, na bei haishuki. Sasa nakuomba wewe msomaji, kama una shangazi, mjomba au hata mtalaka wako Pangani mwenye chumba cha feni, chandarua kisichotoboka na jirani asiye na spika, mwambie kuna mtu na mkewe wanatafuta malazi, watu wapole, hawali sana, watakuja na michembe yao. Aniambie bei ya Mtanzania. Na kama ana gari, tairi zote nitamkagulia bure, ila tufanye wakati mama Kulwa amelala.