Hotuba ya Mtaalamu wa Siku za Watu

Wazee wa kashata, vijana mliojificha nyuma ya vikombe, na wewe dada muuguzi uliyepita kununua vitumbua ukakataa kuondoka: nawasalimu kwa jina la sayansi.

Nimeombwa na mimi mwenyewe nitoe mada kuhusu wanawake kuchelewa kuona siku zao. Sifa zangu mnazijua, lakini nazirudia kwa faida ya wageni. Nimezaliwa na mwanamke. Nimeoa mwanamke. Nimewahi kuketi nje ya kliniki ya wajawazito asubuhi nzima nikimshikia mke wangu mkoba, na yote yaliyosemwa ndani niliyasikia kupitia dirishani. Wapo waliokaa chuoni miaka mitano na dirisha hilo hawajaliona.

Nianze na kanuni kuu. Mwanamke huona siku zake kila baada ya siku 28. Si 27, si 29. Februari iliwekwa makusudi ili tusisahau. Atakayevuka hapo, hata kwa saa za jioni, ana mimba, na jalada limefungwa.

Dada amenyoosha mkono. Anasema mzunguko wa mtu mzima waweza kuwa wa siku 21 hadi 35 na bado ukawa wa kawaida, kwamba mabinti waliovunja ungo karibuni huyumba zaidi, na kwamba mtu yuleyule hubadilika mwezi hadi mwezi. Nimeipokea hoja. Nimeikataa, kwa sababu inaniharibia hesabu.

Tuje kwenye uchunguzi. Hospitali wana maabara, sisi tuna macho. Natazama mshipa wa shingo: ukicheza, mimba. Natazama mkononi: nikiona embe bichi lenye chumvi na pilipili, mimba. Kwa njia hii niliwahi kugundua ujauzito wa bibi mmoja wa miaka 61, ambaye hadi leo hajaitikia salamu yangu.

Na msidhani nimezuka tu. Wamisri wa kale walimwambia mwanamke akojolee mbegu za ngano na shayiri. Zikiota, ana mimba. Mwaka 1963 watafiti walirudia jaribio hilo, na mkojo wa wajawazito ukaotesha mbegu takriban mara 70 katika 100. Kabla ya watafiti hao, kuanzia miaka ya 1930, dunia ilimtegemea chura kutoka Afrika Kusini: anadungwa mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai, jibu limepatikana. Sasa pimeni wenyewe. Chura alihitaji mkojo, sindano na saa nyingi za kusubiri. Mimi nahitaji shingo tu.

Dada anasema homoni ileile iliyomtagisha chura ndiyo inayosomwa leo na kijiti cha kipimo cha mimba pale duka la dawa, kwa pesa kidogo tu. Anasema kipimo hicho huaminika kuanzia siku ile hedhi ilipotarajiwa ikakosekana, na mkojo wa asubuhi ni bora kwa kuwa umekolea. Ukipima mapema mno utaambiwa hakuna kitu wakati kipo, kwa hiyo asiyeona siku zake baada ya jibu hilo arudie baada ya wiki moja. Namuuliza: tukishapata majibu namna hiyo, kijiwe kitajadili nini?

Mimi nilikuwa na mbadala wa bei nafuu, dawa ya meno. Unachanganya na mkojo, likitoka povu ni mimba. Nilijaribu na wangu. Likatoka povu. Nikaanza kutamani udongo. Dada anadai mkojo wenye asidi ukikutana na chokaa iliyomo kwenye baadhi ya dawa za meno unaweza kutoa povu, awe mwenye mkojo ni mke au mume. Mbona hawakuandika kwenye pakiti?

Kuna kisingizio kingine, eti msongo wa mawazo. Binti wa chuo amechelewa, anasema ni mitihani. Tangu lini mtihani ukazuia damu? Dada, naona umesimama kabisa. Haya. Anasema hedhi huja takriban wiki mbili baada ya yai kutoka, na kinachochelewa mara nyingi ni yai lenyewe. Hofu, ugonjwa, kupungua uzito ghafla, mazoezi makali, vyote huweza kuuambia ubongo uahirishe. Tezi ya shingo ikivurugika, hivyo hivyo. Anayenyonyesha anaweza kukaa miezi bila kuona. Wa sindano ya miezi mitatu anaweza asione kabisa, na akiiacha bado zikachelewa kurudi. Hata vidonge vya dharura, hivi mnavyoviita P2, husogeza tarehe mbele au nyuma. Kwa hiyo binti anaweza kuchelewa kwa sababu anaogopa kuwa amechelewa. Nakiri sentensi hiyo ningependa iwe yangu.

Nimgeukie kijana aliye pembeni, anayeagiza kahawa ya nne bila kumaliza ya tatu. Umesema mwenzako amepitiliza siku kadhaa, na kwamba mlihesabu siku salama. Mwanangu, ulihesabu kwa Februari yangu. Dada anasema mbegu za mwanamume huweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwanamke, na yai halina saa ya ukutani, linaweza kuwahi. Anauliza pia kwa nini umekuja kwangu badala ya kwenda naye duka la dawa. Swali hilo nalihamishia kwako, maana mimi ni mtaalamu wa shingo.

Kabla sijashuka kwenye kreti hili la soda, dada amenilazimisha kutangaza yafuatayo, nami nayasoma kama alivyoyaandika kwenye karatasi ya vitumbua. Aliyekosa siku zake miezi mitatu na kipimo kinasema hana mimba, aende kituo cha afya akachunguzwe. Aliyechelewa kisha akapata maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, au kutokwa damu, au kizunguzungu cha kuzimia, asimsubiri mume, mama mkwe wala mimi: mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo huua. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.