Namna ya Kuwa Hipi Bila Kulala Sakafuni

Sogea karibu, ndugu yangu, haya si ya kusikiwa na kila mtu. Unataka uonekane hujali nguo kabisa. Vizuri. Kutojali huko kunahitaji kioo kirefu, asubuhi nzima, na mtu wa kukuvuruga nywele kwa ustadi.

1. Jifunze neno moja: Bohemia. Ukiulizwa mtindo wako umetoka wapi, litaje, kisha angalia mbali. Bohemia iko kwa Wacheki. Wafaransa walidhani Waroma, wale wahamaji, walitokea huko, wakawabandika jina hilo. Baadaye likawaangukia wasanii wa Paris walioshindwa kodi ya chumba. Mwaka 1851 Henri Murger akawatungia kitabu, na 1896 Puccini akawapandisha jukwaani kwenye opera, watu wenye pesa wakalipa kiingilio kuwatazama wakitetemeka kwa baridi. Umeona? Biashara ni ya zamani.

2. Suruali iwe pana chini. Mahipi wa San Francisco walizipata za mabaharia kwenye maduka ya mabaki ya jeshi, kwa bei ya bure. Wewe usijisumbue, nunua mpya iliyochanwa magoti na kiwanda. Au pekua sanduku la mjomba: bugaluu lake lipo, na viatu vyake vya raizoni pia. Ila jiandae kusimuliwa jinsi Umoja wa Vijana wa TANU ulivyopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana mwaka 1969. Msikilize hadi mwisho. Hiyo ndiyo bei.

3. Sasa koti, na hapa twende polepole. Koti lenyewe ni la Afghanistan, ngozi ya kondoo, manyoya ndani, nakshi za uzi nje. Liliingia London katikati ya miaka ya 1960, na 1967 John Lennon akaonekana nalo, basi kila kijana akalitaka. Tatizo ni kwamba ngozi nyingi hazikulainishwa sawasawa. Mvua ikinyesha, na London hunyesha, mvaaji alinuka zizi zima. Nunua la manyoya bandia. Akitokea mjuzi wa kudai uhalisi, azima beberu umfunge karibu yako.

4. Piga picha juu ya paa. Mwongozo ni ile ya Talitha Getty, Marrakech, 1969: yeye kachuchumaa mbele kwa koti la nakshi, mume nyuma kajifunika kanzu yenye kofia, wote kama waliokwishaaga dunia na mali zake. Mume ni mtoto wa tajiri wa mafuta. Kwako paa lolote linafaa, mradi tangi la maji na dishi visionekane.

5. Atakayesema mtindo umepitwa na wakati, mkubalie haraka. Mwambie mahipi wenyewe walibeba jeneza mitaa ya Haight-Ashbury, San Francisco, tarehe 6 Oktoba 1967, kutangaza kwamba hipi amekufa, kwa kuchoshwa na watalii na wauza shanga. Ataduwaa. Tumia nafasi hiyo kuondoka.

6. Kibandiko cha bei usikikate. Kikunje ndani ya kola, kaa mbali na mchuzi, na Jumatatu koti lirudi dukani.