Chai Si Nguo ya Kulowekwa

Wapendwa wa nyumbani,

Baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu ya chai. Mnaoamini kwamba Uingereza ndiko chai iliko, niwasahihishe taratibu: chai ipo tele, asiyekuwepo ni mpishi wake. Huku birika la umeme linachemsha maji, maji yanamiminwa kikombeni juu ya kifuko cha karatasi, kifuko kinalowekwa dakika mbili tatu kama soksi, kisha kinakamuliwa na kutupwa. Kwa chai ya rangi tupu utaratibu huo unavumilika. Lakini maduka yanauza pia vifuko vya tangawizi, na hapo ndipo ninapogoma. Nasema tangawizi haina budi kupikwa sufuriani, ikiwa mbichi, tena kwa mpangilio maalumu. Nikisema hivyo msidhani ni ukaidi wa mtu aliyekumbuka kwao, maana shahidi wangu ni tangawizi yenyewe.

Ukali wa tangawizi mbichi unatokana hasa na kitu kiitwacho jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, jina lililotokana na neno la Kijapani la tangawizi, na huyo shogaoli ni mkali kumshinda mzazi wake. Ndiyo maana unga wa kwenye kifuko unakwaruza koo vizuri tu. Wanaoutetea husema: si mmekiri wenyewe kwamba ni mkali, mnataka nini tena? Tunataka harufu. Tangawizi mbichi ina mafuta mepesi yanayonukia kidogo kama ndimu, na mengi ya hayo huruka wakati wa kukausha na kusaga. Kinachobaki ni ukali unaoingia kooni bila kupiga hodi puani. Halafu kuna suala la maji. Jinjeroli hailewani sana na maji, inalewana na mafuta. Kipande kilichotoswa kwenye kikombe kinatoa kidogo kwa unyimivu. Kipondwe kinuni, nyuzi zipasuke, kitokote dakika kumi, kisha kikutane na mafuta ya maziwa, hapo ndipo kinapofungua mkoba. Kinu na sufuria si mapambo ya kienyeji, basi. Ndivyo vifaa vyenyewe vya kazi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu waliokwisha kujaribu. Wanasema walifuata ushauri wa wazee, wakaweka tangawizi mbichi kwenye maziwa, na maziwa yakakatika mapande mapande, sufuria zima likaishia kwenye sinki. Nawaamini, tena nawapa pole. Ila kosa halikuwa la tangawizi, lilikuwa la foleni. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, na kwenye maziwa ya moto wa wastani, nyuzi 60 hivi, kinafanya kazi kwa bidii ambayo maofisi mengi yangeitamani. Wachina wa Guangdong wamejua hilo zamani na wakaligeuza kitamutamu: wanamimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, wanasubiri dakika chache, yanaganda yawe laini ya kuliwa kwa kijiko. Sisi hatutaki kijiko, tunataka kikombe. Kimeng'enya hicho hakistahimili kuchemka. Kwa hiyo tangawizi hutangulia kwenye maji peke yake, itokote sawasawa, ndipo yafuate majani, na maziwa yaje mwisho, yakikuta adui ameshazikwa. Bibi zetu hawakuwahi kutamka neno kimeng'enya, lakini mpangilio wao ulikuwa huu huu, na aliyeuvuruga alisemwa mpaka wajukuu wakasikia.

Wenyeji nao wana wataalamu wao, nisiwadhulumu. Mwaka 1946 George Orwell, mwandishi mkubwa wa hapa, alitoa gazetini kanuni 11 za kupika chai, na tangawizi haimo hata katika moja. Mwaka 2003 chama cha wanakemia wa Uingereza kikamsahihisha: maziwa yatangulie kikombeni, kwa sababu yakimiminwa kwenye chai ya moto protini zake huharibika joto likipita nyuzi 75. Kwa mizani hiyo sisi tunaoyachemsha mpaka yapande na kutishia kuzima jiko ni wahalifu. Nakubali kwamba maziwa yaliyochemka hubadilika ladha. Ila ladha hiyo ya maziwa yaliyopikwa ndiyo tunayoifuata, kama vile mla nyama choma asivyolalamika kwamba nyama imekutana na moto. Na Orwell mwenyewe, mkimsoma vizuri, yuko upande wangu. Alitaka maji yawe yanachemka pale pale yanapogusa majani, hata akaagiza buli lipelekwe kwenye birika, si birika kwenye buli. Aliijua thamani ya moto; alikosa kinu tu. Majani pia hayana kinyongo na sufuria. Mengi yaliyomo kwenye vifuko vya huku yametoka Kenya, yakakatwakatwa na mashine kuwa punje ndogo zinazotoa rangi upesi na kustahimili maziwa mengi. Yaani jani limesafiri kutoka Kericho kuja kulowekwa, na lingebaki huko lingepikwa.

Kuhusu dawa, tusitie chumvi. Tangawizi inasaidia kichefuchefu, hilo lina ushahidi. Mafua yataondoka kwa muda wake, chai itakushika mkono tu. Jina la chai nalo limetiwa chumvi: mikahawani wanauza kinywaji cha viungo wanachokiita chai tea, yaani chai chai. Huko kwetu mtu akiomba chai mara mbili mfululizo, hasa akiwa nyuma ya meza ya ofisi, atapigiwa simu na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa.

Limebaki pingamizi la muda: nani ana dakika ishirini asubuhi, huku basi likipita kwa saa yake? Hilo sina ubavu wa kulikanusha. Lakini chupa ya chai ilibuniwa huku huku, na Mskoti James Dewar, mwaka 1892, ijapokuwa yeye aliitaka kwa gesi baridi za maabara. Pika usiku, jaza, funika, lala. Kuhusu kumenya au kuponda na maganda yake, hapo sitii mguu. Nyumba zimevunjika kwa madogo kuliko hayo. Msalimieni shangazi, na mwambieni kifuniko cha chupa yake ya chai akikaze.

Ndugu yenu wa ughaibuni