Gesi Haipandi Lifti

Mwenye fleti hapa Ontario, Kanada, anamiliki vitu vichache kuliko anavyodhani. Bomba lililo ukutani ni la jengo. Dirisha ni la jengo. Kibaraza nacho ni cha jengo, ndiyo maana tumekatazwa kuanika kanga. Lakini king'ora cha gesi ya kaboni monoksaidi ni chake peke yake: akinunue, akifunge karibu na vyumba vya kulala, akijaribu, na kikilia usiku wa manane aamke yeye.

Sheria yenyewe haina mzaha. Desemba 2008, katika mji wa Woodstock, bomba la kutolea moshi wa meko ya gesi liliziba, na familia nzima ya Hawkins, baba, mama na watoto wawili, ikaangamia kwa hewa isiyo na rangi wala harufu. Ami wa yule mama, mzimamoto John Gignac, hakukaa kimya mpaka bunge la jimbo likapitisha sheria yenye majina ya koo zote mbili mwaka 2013. Kanuni zikaanza Oktoba 2014, na majengo yenye fleti zaidi ya sita yakapewa mwaka mmoja kujipanga.

Fleti yetu haina meko. Haina hata kiberiti. Kila kitu ni umeme. Ila iko juu ya maegesho ya magari, na kanuni inataja fleti zilizo juu, chini au ubavuni mwa maegesho. Kwenye mkutano wa wenye fleti, bwana mmoja wa ghorofa za juu, mwenye mandhari ya ziwa, alifurahi waziwazi kusikia kwamba yeye hahusiki. Nikauliza kama gesi haipandi lifti. Meneja wa jengo akafunua makaratasi yake, akayafunika, akasema twende kwenye ajenda inayofuata, maua ya mlangoni. Maua yalijadiliwa hadi saa nne usiku.

Basi usiku mmoja kitu kikaanza kulia darini saa tisa alfajiri. Si mlio wa hatari. Wa hatari ya gesi ni milio minne mfululizo, kimya kidogo, minne tena. Hiki kilitoa "tii" moja tu, kikanyamaza muda unaomtosha mtu kurudi kitandani, kujifunika na kufumba macho. Kisha "tii". Baba Neema akaleta ngazi. Darini kwetu kuna kitambua moshi, spika ya jengo na hicho cha gesi, vyote vyeupe, vyote duara, na hakuna kinachokiri kosa. Kila mtu akasimama chini ya chake, shingo juu, akisubiri.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Njombe, akatoka chumbani amejitanda shali.

"Mnamtafuta nani, Mama Neema?"

"King'ora, Mama. Cha kutuonya na hewa ile ya jiko la mkaa."

Sikuhitaji kumfafanulia. Njombe baridi ya Juni na Julai ikikaza, kuna watu huingiza jiko chumbani, wakafunga madirisha, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Akaangaza macho sebule nzima.

"Jiko mmeliweka wapi?"

"Hatuna jiko. Ni magari ya watu, yako chini yetu."

"Mnalala juu ya magari?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mkopo wa benki mnalipa?"

Baba Neema akajitia kushughulika na betri ya king'ora cha gesi. Aliweka mpya, "tii". Akaitoa, akaipuliza, akairudisha, "tii". Mama mkwe akaomba akione, akavaa miwani, akakigeuza. Vitu hivi vina umri, miaka saba hadi kumi, na tarehe huandikwa mgongoni kwa herufi za kutafutia tochi.

"Hiki kilikufa mwaka jana," akasema.

"Sasa mbona kinalia?"

"Kinatangaza msiba wake. Nyie ndio mmechelewa kusikia."

Asubuhi nikakifunga kwa taulo mbili, nikakitia kwenye mfuko nikipeleke kunakotupwa takataka za umeme. Ndani ya lifti tulikuwa watu wanne na mbwa. "Tii." Wakanada wana adabu: wote wakatazama namba za ghorofa. "Tii." Mbwa peke yake ndiye aliyenikazia macho. Bwana mmoja akasema leo kumependeza nje. Nje kulikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri.

Dukani mama mkwe alichagua ving'ora vitatu, kimoja chetu, viwili vyake. Muuzaji alieleza kwamba gesi ikiwa kidogo kidogo kinaweza kusubiri hata saa nzima kabla ya kupiga kelele, ikiwa nyingi ni dakika chache tu. Hilo halikumtosha. Alitaka vilie palepale mbele yake, vikalia, akalipa.

Siku ya mama mkwe kurudi kwao, kwenye uwanja wa ndege, mfanyakazi alipolikandamiza begi lake ili zipu ifunge, kitufe cha kujaribia kikabonyezwa. Milio minne, kimya, milio minne. Foleni ikarudi nyuma hatua nzima.

"Mwambie asiogope," mama mkwe akaniagiza. "Hicho kizima."

Mzani ukaonyesha kilo mbili za ziada. Akafungua begi, akatoa sufuria niliyomnunulia, akanirudishia.