Povu la shemeji

Kuna watu wakiona povu wanaamini kazi imefanyika. Shemeji yangu ni mmoja wao. Alikuja kwetu Mbagala kumsalimia dada yake, akasema atakaa mpaka mvua zikate. Mvua zimekata, zimerudi, zimekata tena, na yeye bado yupo jikoni, simu kaiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, anamtazama mwanamke mmoja mwenye kucha ndefu akisafisha sinki ambalo, ukiliangalia vizuri, halikuwa chafu tangu mwanzo.

Mwanamke huyo ana dawa moja tu: bekingi soda na siki. Sinki limeziba, soda na siki. Sufuria imeungua, soda na siki. Zulia, godoro la mtoto, kwapa za shati, hivyo hivyo. Anamwaga vyote pamoja, vinafoka, muziki unapigwa, watu wanagonga mioyo. Na huku kwangu soda inaisha kabla ya sukari, na anayetumwa dukani ni mwenye nyumba.

Mimi kemia nimeisoma mpaka kidato cha nne. Cheti kipo kabatini, na hakuna aliyewahi kukiulizia. Siki ni asidi. Soda ni ndugu wa magadi, yenyewe iko upande wa pili kabisa. Ukizikutanisha zinamalizana. Lile povu ni hewa ya ukaa inayotoroka, hiyo hiyo inayokufanya ucheue ukinywa soda ya chupa, na ikishatoroka unabaki na maji yenye chumvichumvi. Siki ya dukani huwa na asidi kama asilimia 5, iliyobaki karibu yote ni maji. Kikombe kizima cha siki unakinyamazisha kwa kijiko kikubwa kimoja cha soda na ziada kidogo. Kwa hiyo shemeji ananunua asidi, ananunua na cha kuiulia hiyo asidi, anavimwaga pamoja kwa pesa yangu, halafu anasugua sinki kwa dodoki na nguvu za mkono wake. Sinki linang'aa. Sifa anapewa mwenye kucha.

Nilijaribu kumweleza.

"Shemeji," aliniambia kwa upole ule wa kuongea na mgonjwa, "mambo ya siku hizi huyajui. Huoni linavyochemka?"

Kuchemka naliona. Bomba nalo naliona bado limeziba, maana kilichomo ni mafuta ya kukaangia samaki yaliyoganda pale kwenye kona, na mafuta yanataka maji ya moto na sabuni, au mtu wa kupiga magoti, kuweka ndoo chini na kuifungua kona yenyewe. Kucha ndefu kazi hiyo haziiwezi, ndiyo maana haionyeshwi.

Tukaja kwenye birika. Maji yetu ni ya kisima, na ya hapa yana chumvi na chokaa mpaka sabuni inagoma kutoa povu, nguo zinabaki na utando wa kijivu. Birika likitumika muda mfupi tu linaota ukoko mweupe ndani, na ukipiga chai unaitafuna. Dawa ya ukoko huo ni ndimu. Unakamua ndimu kadhaa, unaongeza maji yafunike chokaa, unachemsha, unaacha yakae. Vipovu vidogo vinaanza kupanda kutoka kwenye ukoko wenyewe, na hapo nakiri povu ni kazi kweli: asidi ya ndimu inaila chokaa, hewa inatoka. Baada ya hapo unamwaga na kusuuza. Shemeji alinisikiliza, akakamua ndimu zake, halafu, nilipogeuka kumfungia mtoto kamba za viatu, akatia vijiko vya soda "ili iwe na nguvu". Likafoka mpaka likazima jiko. Lilipotulia, asidi yote ilikuwa imeishia kwenye soda, na chokaa ilikuwa pale pale, haijaguswa, nyeupe kama meno ya mtangazaji.

Hilo ndilo linalonichosha. Mtu akiwa na dawa mbili nzuri, hawezi kutumia moja akasubiri. Lazima azichanganye.

Kisa cha kanzu ndicho kilichonivunja nguvu. Ijumaa tulirudi kutoka msikitini, chakula kilikuwa wali na samaki wa kupaka, na tone la mchuzi likaniangukia kifuani. Doa la manjano si doa la mchezo. Mke wangu akasema niivue ailoweke. Kabla hajafika karai, shemeji alishaichukua, ameipaka uji wa soda, anasugua. Doa likageuka jekundu. Sisemi rangi ya waridi, nasema nyekundu ya machinjioni. Mke wangu alipiga ukelele uliomleta jirani mlangoni kuuliza kama kuna aliyejikata.

Hakuna aliyejikata. Manjano yana tabia hiyo: yakikutana na magadi, soda au sabuni, yanabadilika kuwa mekundu, na yakikutana na kitu kichachu yanarudi njano. Shuleni tulichovya karatasi kwenye chupa za maabara ili tujue ipi asidi na ipi siyo, kumbe kazi hiyo hiyo ingefanywa na kanzu. Nikachukua kipande cha ndimu, nikakamulia, doa likarudi njano mbele ya macho yao. Nilidhani nimefundisha. Shemeji akachukua soda akarudia: jekundu. Watoto wakaja. Ndimu, njano. Soda, jekundu. Wakaanza kupanga foleni, kila mmoja na zamu yake, mpaka ndimu zikaisha, na mwenye kanzu nimekaa barazani na singlendi.

Mwishowe nikasema iacheni. Ifueni kwa sabuni, mtaona nyekundu tena, msishtuke, isuuzeni vizuri, ianikeni juani ikiwa mbichi. Rangi ya manjano haihimili jua, ndiyo maana duka la viungo lenye akili haliweki manjano dirishani. Doa lilififia siku ile, likafifia zaidi kila ilipofuliwa na kuanikwa, na leo ukilitafuta itabidi nikuonyeshe.

"Jua tu?" shemeji aliuliza. Alionekana kama mtu aliyepunjwa. Jua halinunuliwi, halifoki na halina muziki, kwa hiyo hakulirekodi.

Maharage nayo yalipata yake. Wazee wetu walitia kipande kidogo cha magadi, yale yanayotoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kama Natron na Magadi, na maharage yakalainika haraka. Kinachoshikilia ganda la harage kinalegezwa na magadi, na kinakazwa na chokaa ya maji ya kisima. Ukizidisha magadi chakula kinanukia sabuni na vitamini B1 inapotea, ila kidogo hakina ubaya. Ujanja mwingine unaojulikana ni kutotia nyanya wala ndimu mpaka maharage yaive, kwa sababu uchachu nao unayakaza. Sasa mtu aliyezoea kuchanganya atafanya nini? Alitia soda kwa ajili ya kulainisha na nyanya kwa ajili ya ladha, vyote mwanzoni. Sufuria ikafoka, yeye akafurahi. Saa mbili usiku tukawa bado tunayatazama. Yalipolainika hatimaye yalikuwa na ladha ambayo watoto waliipa jina nisiloweza kuliandika hapa, na sufuria yenyewe, ambayo ni ya alumini, ilikuwa imepiga weusi ndani kuanzia usawa wa maji kwenda chini. Soda inaifanyia alumini hivyo. Mke wangu aliichemshia maji ya ukwaju, weusi ukatoka, kimya kimya, bila kutangaza. Huyo naye ni mkemia, ila hana wafuasi.

Kuna siku moja tu ambayo sikubishana. Nilimkuta anaelekea chooni, mkono mmoja jiki, mkono wa pili siki. Nilinyang'anya zote mbili na nikapaza sauti mpaka mtaa ukajua. Jiki ikikutana na kitu chochote chenye asidi, iwe siki, ndimu au ile dawa kali ya kutolea kutu kwenye choo, inatoa gesi ya klorini. Ndiyo gesi ambayo Wajerumani waliifungulia mitungi pale Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, na wanajeshi wakafa wakiwa wamekaa kwenye mahandaki yao. Choo chetu hakina hata dirisha, kina tundu la tofali moja. Na si siki peke yake: jiki juu ya mkojo uliolala nayo inatoa gesi inayobana kifua, kwa hiyo unamwaga maji kwanza, mengi, ndipo jiki ifuate, peke yake, mlango ukiwa wazi. Shemeji alinuna siku mbili. Mke wangu alisema ningeweza kusema taratibu. Ningeweza, kama ningekuwa na muda.

Bustani nayo, kama viroba vya mchicha na kona ya mchaichai vinaitwa bustani. Alimwaga maganda ya mayai kwenye viroba ili mchicha upate chokaa. Ganda la yai lisilosagwa halina haraka ya kuoza, na kuku wa jirani waligundua kabla ya mchicha kugundua. Walikula maganda, wakakolezea na mchicha. Kisha akatengeneza dawa ya magugu: siki, chumvi na sabuni ya maji. Nasema ukweli, jioni magugu yalikuwa yamenyauka, siki inaunguza majani bila utani. Ndago zilirudi baada ya wiki chache, maana viazi vyake viko chini na havikusikia habari yoyote. Mchaichai haukurudi. Chumvi ilibaki udongoni, na sasa pale mahali hapaoti kitu ila ndago. Asubuhi nakunywa chai ya rangi bila mchaichai, naangalia ndago zangu zilivyonawiri.

Juzi mchuzi ulizidi chumvi. Sikusema kitu, nilijifunza zamani. Shemeji alisikika akimwambia dada yake: tia viazi, vinanyonya chumvi. Nikashindwa kuvumilia. Nikaingia jikoni nikaeleza kwamba kiazi hakichagui; kinanyonya mchuzi kama ulivyo, maji na chumvi yake pamoja, na mchuzi unaobaki sufuriani unabaki na ukali ule ule. Kinachopunguza chumvi ni kuongeza kisicho na chumvi: tui, nyanya, maji, au mboga nyingine.

Walinitazama wote wawili. Mke wangu akasema haya, baba watoto, tui limekwisha, lete hayo maji wewe unayejua.

Nikachota kwenye ndoo, nikamimina, nikakoroga, nikaonja. Ulikuwa na chumvi zaidi kuliko nilivyotarajia. Shemeji akaniuliza, kwa heshima zote, kama maji niliyotia ni yale ya kisima.